Umeme Ukikatika Katikati ya Sasisho

Mwaka 1992 mtu aliyetaka Linux iliyokamilika aliipata kwa jina la SLS, mkusanyo wa Peter MacDonald uliosambazwa kwa disketi. Alizichomeka moja baada ya nyingine, faili zikamwagwa kwenye diski, basi. Akitaka toleo jipya la kitu kimoja, alimwaga faili mpya juu ya zile za zamani na kumwomba Mungu. Kasoro za SLS zilikuwa nyingi hata zikazaa mifumo mingine miwili: Patrick Volkerding aliisafisha akapata Slackware, na Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Indiana, akaona heri kuanza upya kabisa. Tarehe 16 Agosti 1993 Murdock alitangaza Debian, jina alilolisuka kutokana na jina la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe.

Tangu hapo mifumo endeshi imesasishwa kwa njia mbili zilizokuwa zikivutana. Ya kwanza ni ya vifurushi: mfumo unajengwa kipande kwa kipande ndani ya mashine yako, na kila kipande kinabadilishwa peke yake. Ya pili ni ya imeji: mfumo mzima unatengenezwa kiwandani, unapigwa muhuri, na wewe unaupokea kama ulivyo. Mimi ni fundi wa kompyuta, natunza maabara ya chuo cha ualimu hapa Tanga, na njia zote mbili zimepita mikononi mwangu. Naamini kwamba watu wachache waliokataa kuchagua upande mmoja wametufaa sisi, ambao umeme wetu hukatika bila taarifa, kuliko wengine wote, na kazi yao haijapewa heshima inayostahili.

Kifurushi cha programu ni faili moja iliyobeba faili nyingi, pamoja na maelezo yake: jina, toleo, vitu ambavyo programu inavitegemea, na maagizo ya kutekelezwa kabla na baada ya kuiweka. Debian ilikuwa na chombo kilichoitwa dpkg, kilichoandika kila kifurushi kwenye daftari lililowekwa chini ya `/var/lib/dpkg`. Ian Jackson alikiandika upya kwa lugha ya C mwaka 1994. Kule North Carolina, Marc Ewing na Erik Troan wa kampuni ya Red Hat walitengeneza chombo chao, RPM, kilichotoka na Red Hat Linux 2.0 mwaka 1995, nacho kilikuwa na daftari lake kwenye `/var/lib/rpm`. Shikeni hayo madaftari, nitayarudia, maana kiini cha ugomvi kimo humo. Sasa mtu aliweza kuiuliza mashine: hii faili ni ya nani? Nikiiondoa programu hii, nani ataumia? Mashine ikajibu.

Kilichobaki ni usumbufu wa kutafuta. Kifurushi kimoja kinataka kingine, hicho kinataka cha tatu, na cha tatu hakiafikiani na cha kwanza. Debian ikaleta APT, iliyoingia rasmi katika toleo la 2.1 mwezi Machi 1999: unataja unachotaka, yenyewe inakwenda kutafuta vinavyotegemewa na kuvipanga. Upande wa RPM walisubiri zaidi. Ni katika idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Duke ambako Seth Vidal na Michael Stenner, waliokuwa na kompyuta nyingi za Red Hat za kutunza, walichukua chombo cha Yellow Dog Linux wakakigeuza kuwa yum mwanzoni mwa miaka ya 2000. Yum ilikuja kuwa mkono wa kulia wa kila fundi wa Red Hat na wa Fedora, mfumo wa jamii unaodhaminiwa na Red Hat. Vidal aligongwa na gari akiendesha baiskeli mjini Durham, Julai 2013, akafariki. Mafundi wengi wa huku waliotumia kazi yake kila siku hawakuwahi kulisikia jina lake, ndiyo maana nimelitaja.

Kwetu vifurushi vilikuwa na sura nyingine. Kabla ya mkongo wa SEACOM kutua Dar es Salaam na Mombasa mwezi Julai 2009, intaneti ya vyuo vingi ilikuja kwa setilaiti, ya polepole na ya bei ya kuumiza. Ubuntu, Linux inayotokana na Debian, tuliipata kwa posta, kwenye CD za bure ambazo kampuni yake, Canonical, ilikuwa ikizituma duniani kote hadi ilipositisha mpango huo mwaka 2011. CD ilikupa mfumo, lakini masasisho yalibaki kule mbali. Kwa hiyo tulijifunza kubeba vifurushi kwenye flashi kutoka mashine moja iliyopata mtandao hadi zile zisizopata, na kuziomba zisiulize mengi. Kifurushi kilistahimili maisha hayo. Ni kidogo, kinabebeka, na unachukua kile tu unachokihitaji.

Jambo ambalo hakikustahimili ni umeme. Hebu tazama kinachotokea unaposasisha vifurushi mia mbili. Chombo kinafungua kifurushi cha kwanza, kinaweka faili mpya mahali pa zile za zamani, kinaendesha maagizo yake kwa mamlaka yote ya mashine, kinaandika kwenye daftari, kinakwenda cha pili. Wakati huo mashine inaendelea kufanya kazi, watu wanaandika, printa inachapa. Ukiisimamisha kazi hiyo katikati, hukuti mfumo wa zamani wala hukuti mpya. Unakuta kitu ambacho hakuna aliyewahi kukijaribu popote duniani: nusu ya maktaba ni za toleo hili, nusu za toleo lile, na daftari linasema habari ambazo diski haizithibitishi.

Nimekutana na hali hiyo mara nyingi. Mwanafunzi anakuja mlangoni: "Mwalimu, ile mashine ya dirishani imegoma." Ninakwenda, nakuta skrini nyeusi, au kioo cha kuingilia kisichokubali nywila. Nikiingia kwa njia ya dharura na kujaribu kuweka chochote, mfumo unaniambia dpkg ilikatizwa, niendeshe `dpkg --configure -a`. Amri hiyo mafundi wa pwani wanaijua kama wanavyojua namba zao za simu. Mara nyingi inafaulu. Mara nyingine iliyokatizwa ni maktaba ya C yenyewe, ile ambayo kila programu inaiegemea, na hapo hata amri ya kuorodhesha faili haiwaki. Unachukua flashi, unaanza upya.

Njia ya imeji tuliifahamu pia, ila si kwa Linux. Aliyefanya kazi kwenye intaneti kafe miaka ya 2000, iwe Kariakoo au Mombasa, anaikumbuka Ghost, iliyobuniwa Auckland, New Zealand, na kampuni ya Binary Research, kisha ikanunuliwa na Symantec mwaka 1998. Unaitayarisha kompyuta moja vizuri, Windows, Office, kinga ya virusi, halafu unaipiga picha diski nzima na kuimwaga picha hiyo kwenye kompyuta nyingine zote. Virusi vikivamia, hutibu. Unamwaga picha upya, baada ya dakika chache mashine ni mpya. Ubora wake ulikuwa uhakika: kompyuta zote zilifanana, na ulijua zilivyo. Ubaya wake ni kwamba kila kilichoongezwa baada ya picha kilipotea.

Waliolileta wazo hilo kwenye Linux kwa ukamilifu ni wahandisi wa Google. ChromeOS ilitangazwa Julai 2009 na laptopu zake zikaanza kuuzwa 2011. Ndani yake diski ina sehemu mbili za mfumo, A na B. Mtumiaji anafanya kazi kwenye A, wakati imeji mpya inaandikwa kimyakimya kwenye B. Kila sehemu ya kiini cha mfumo ina tarakimu tatu pembeni yake: kipaumbele, majaribio yaliyobaki, na alama ya kufaulu. Ukizima na kuwasha, mashine inajaribu B. B ikishindwa kuwaka, majaribio yanapungua hadi yanakwisha, na mashine inarudi A yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, B imeharibika, lakini A haijaguswa. Mwaka 2013 kampuni ya CoreOS ilichukua mtambo huohuo wa masasisho ikauweka kwenye seva, na mwaka 2016 Android 7 ikaja na mpango wa aina hiyo kwenye simu.

Lakini wote hao walilipa kwa kulifuta daftari. Kwenye CoreOS ya mwanzo hapakuwa na chombo chochote cha vifurushi. Ulichokitaka kilipaswa kukaa ndani ya kontena, yaani kizimba kinachoitenga programu na mfumo, na kama ni draiva au kitu kinachogusa mfumo wenyewe, ulikuwa umekwama. Mfano wa karibuni ni mashine ya michezo ya Steam Deck, iliyotoka Februari 2022. Chini yake kuna Arch Linux, na chombo cha vifurushi kimo. Mtumiaji anaweza kuufungua mfumo na kuongeza anachotaka, halafu sasisho linalofuata linaleta imeji mpya na kila alichoongeza kwenye mfumo kinafutika. Daftari limo, ila halina sauti.

Sasa nifike kwa mtu ninayemkusudia. Colin Walters, aliyewahi kuwa mmoja wa wajenzi wa Debian kabla ya kuwa mhandisi wa Red Hat, alikuwa mwaka 2011 akishughulika na mazingira ya kompyuta yaitwayo GNOME. Waandishi wa GNOME walikuwa wakibadilisha msimbo kutwa, naye alitaka kuweza kuuwasha mfumo wa leo asubuhi, ule wa jana, na ule wa wiki iliyopita, katika mashine ileile, bila kugawa diski vipande. Akaandika OSTree. Ni hazina ya faili inayofanya kazi kama Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, lakini kwa ajili ya mifumo endeshi iliyokamilika.

Ukifungua `/ostree/repo/objects` kwenye mashine yangu utakuta folda nyingi zenye majina ya herufi mbilimbili, na ndani ya kila moja faili zenye majina marefu yasiyosomeka. Kila jina limetokana na hesabu ya SHA-256 ya yaliyomo kwenye faili husika. Faili mbili zikiwa na yaliyomo yaleyale, na sifa zilezile, hesabu yake ni moja, basi inahifadhiwa mara moja tu. Mfumo wa leo na wa wiki iliyopita ni miti miwili ya majina inayoelekea kwenye hazina hiyo moja. Kwa sababu hiyo huhitaji sehemu mbili za diski zenye ukubwa sawa kama ChromeOS: toleo la pili linachukua nafasi ya tofauti tu. Hata upakuaji ni hivyohivyo, unaleta faili zilizobadilika peke yake. Kwa mtu anayenunua bando, hilo si jambo dogo.

Kipo kitu kingine kilichomrahisishia Walters kazi, nacho kilifanyika mwaka 2012 katika Fedora 17. Harald Hoyer na Kay Sievers waliongoza kuhamishwa kwa `/bin`, `/sbin` na `/lib` kuingizwa ndani ya `/usr`. Wengi walilalamika wakati huo, wakiuliza kuna faida gani. Faida ndiyo hii: mfumo mzima ukawa mahali pamoja. OSTree ikaifanya `/usr` isiandikike, ikaacha `/var` iwe mali ya mashine isiyoguswa na sasisho lolote, na kwa `/etc`, penye mipangilio, ikatumia busara: inalinganisha mipangilio ya awali iliyokuja na mfumo na hiyo uliyonayo, inatambua ulichobadilisha wewe, kisha inakiweka hicho juu ya mipangilio ya toleo jipya.

Na kuhama kutoka toleo moja kwenda jingine hufanyika kwa tendo moja. Chini ya `/boot` kuna jina `loader`, ambalo ni kiungo tu kinachoelekeza ama kwenye `loader.0` au `loader.1`. Orodha mpya ya kuwashia mashine inaandikwa kwenye ile isiyotumika, na kila kitu kikishatulia kwenye diski, kiungo kinageuzwa. Kugeuza kiungo ni tendo lisilo na katikati. Umeme ukikatika sekunde moja kabla, mashine itawaka kwenye toleo la zamani. Ukikatika baadaye, itawaka kwenye jipya. Nililisoma hilo mara kadhaa nilipolikuta kwanza, maana lilikuwa jibu la tatizo la maabara yangu kana kwamba aliyeliandika aliwahi kukaa Tanga.

Hata hivyo OSTree peke yake ingekuwa imeji nyingine tu, iliyopangwa vizuri. Kazi kubwa ni iliyofuata. Walters na wenzake waliandika rpm-ostree, na Aprili 2014 Red Hat ikatangaza Project Atomic, mfumo wa seva uliojengwa juu yake. Mwanzoni muungano wa vifurushi na imeji ulifanyika upande wa mtengenezaji pekee: vifurushi vya RPM vilisomwa kwenye seva, vikageuzwa mti mmoja, mti ukatumwa kwa watumiaji. Aliyeupokea hakuweza kuongeza hata kifurushi kimoja. Malalamiko yakaja, na yalikuwa ya haki. Huyu anataka chombo cha kuchunguza seva, yule ana kadi ya mtandao inayotaka draiva yake. Rahisi ingekuwa kuwajibu kama walivyojibu wengine, wekeni kwenye kontena.

Wao hawakujibu hivyo. Mwaka 2016 rpm-ostree ikapata uwezo wa kuweka vifurushi juu ya imeji katika mashine ya mtumiaji mwenyewe. Ukiandika `rpm-ostree install` na jina la kifurushi, programu inatumia maktaba zilezile zinazotumiwa na dnf, mrithi wa yum, kutafuta vinavyotegemewa. Inavipakua, inavigeuza kuwa miti midogo ndani ya hazina ya OSTree, kisha inajenga mti mpya: imeji ya msingi pamoja na nyongeza zako. Yale maagizo ya vifurushi, ambayo zamani yaliendeshwa kwa mamlaka yote juu ya mashine iliyo hai, sasa yanaendeshwa ndani ya kizimba, yakiuona mti mpya tu. Mfumo unaoutumia wakati huo hauguswi. Ukizima na kuwasha, unaingia kwenye mti mpya. Usipoupenda, `rpm-ostree rollback`.

Kilichonivutia kuliko yote ni kwamba nyongeza zako zinakumbukwa. Imeji mpya ya msingi ikija, rpm-ostree haizifuti kama Ghost ilivyofuta. Inachukua msingi mpya, inaviweka vifurushi vyako juu yake upya, na matokeo ni mti mwingine uliokamilika. Chaguo la mtumiaji limekuwa sehemu ya imeji.

Ili hilo liwezekane, daftari lilibidi lihame. Zamani lilikaa `/var/lib/rpm`, nayo `/var` haibadiliki unaporudi toleo la nyuma. Ungerudi kwenye mfumo wa wiki iliyopita na kukuta daftari la wiki hii, linalotaja vifurushi ambavyo havipo. Kwa hiyo rpm-ostree ililihamishia ndani ya `/usr`, chini ya `/usr/share/rpm`, ili kila mti uwe na daftari lake linalosafiri nao. Miaka ikapita, na mwaka 2022 Fedora 36 ikalihamisha daftari hilo kwenda `/usr` hata katika mfumo wake wa kawaida usiotumia imeji. Watu wa vifurushi walilikubali wazo la watu wa imeji, na wengi wao hawakugundua.

Mambo yakaharakishwa na pesa. Januari 2018 Red Hat ilitangaza kuinunua CoreOS kwa dola milioni 250. Zikawa chini ya paa moja shule mbili zilizokuwa zikishindana: iliyofuta vifurushi kabisa, na iliyovioanisha na imeji. Mrithi, Fedora CoreOS, aliyeanza kutumika rasmi Januari 2020, alijengwa juu ya rpm-ostree. Mfumo wa zamani wa CoreOS, uliokuwa ukiitwa Container Linux, ukafikia mwisho wake Mei 2020. Kwa kompyuta za mezani, Oktoba 2018 Fedora 29 ilikuja na Silverblue, na mwaka 2021 ikaongezwa Kinoite yenye mazingira ya KDE.

Silverblue ndiyo niliyoiweka maabara. Printa yetu inahitaji draiva ambayo haimo kwenye imeji, na walimu wa lugha wanataka programu moja ya kuhariri sauti. Nikiandika `rpm-ostree status` kwenye mashine yoyote pale, naona mistari miwili ya mifumo, mmoja una nukta nyeusi kuonyesha kwamba ndio unaotumika sasa, na chini yake orodha fupi ya vifurushi nilivyoongeza. Ni orodha ya kusomeka kwa macho mara moja. Zamani, kujua ni nini kilichoongezwa kwenye mashine fulani tangu siku ilipowekwa ilikuwa kazi ya upelelezi. Umeme unaendelea kukatika kama kawaida yake. Mara nyingine sasisho lililokuwa limeandaliwa linapotea kwa sababu lilikuwa likisubiri mashine izimwe kwa utaratibu, na inabidi liandaliwe tena. Mashine inawaka kwenye mfumo wa jana, na kipindi kinaendelea.

Zipo gharama, na nisipozitaja nitakuwa simtendei haki msomaji. Kila sasisho lenye nyongeza linajenga mti upya, na kwenye mashine zetu za zamani hilo linachukua muda ambao dnf isingeutumia. Ukiongeza vifurushi vingi, kimoja kikikosa kuafikiana na msingi mpya, sasisho zima linasimama hadi ukiondoe au kirekebishwe. Vifurushi vinavyopenda kuweka faili zao chini ya `/opt` vilisumbua kwa miaka. Tena wapo waliofika karibu na hapo kwa njia tofauti: Eelco Dolstra wa Utrecht, ambaye tasnifu yake ya 2006 ndiyo msingi wa Nix, na SUSE, wanaosasisha kwa vifurushi ndani ya nakala ya mfumo badala ya mfumo ulio hai. Nawaheshimu wote. Lakini Nix inamtaka fundi ajifunze lugha nyingine nzima, na wanafunzi wangu tayari wanaijua RPM.

Hatua ya sasa inaitwa bootc, na Walters yumo tena. Hapa mfumo endeshi unatengenezwa kama kontena la kawaida. Unaandika faili fupi: anza na msingi wa Fedora, endesha `dnf install` ya hiki na kile, nakili mipangilio hii. Mtambo wa kujengea kontena unatoa imeji, unaiweka kwenye hazina ya mtandaoni, na mashine zako zinaivuta na kuwaka nayo. Red Hat iliitambulisha njia hii kwa wateja wake Mei 2024, na mapema 2025 bootc ikapokelewa na Cloud Native Computing Foundation, taasisi inayolea miradi ya aina hiyo. Ni njia nzuri kwa mwenye mashine elfu moja zinazofanana. Muungano wa kifurushi na imeji umerudi kule ulikoanzia mwaka 2014, kwa mtengenezaji, isipokuwa sasa kila mtu anaweza kuwa mtengenezaji.

Kila mtu mwenye seva ya kujengea, hazina ya mtandaoni, na bando la kutosha. Kontena linasafirishwa kwa matabaka, na faili moja ikibadilika ndani ya tabaka, tabaka zima linapakuliwa upya, tofauti na OSTree iliyoleta faili zilizobadilika tu. Wahandisi wamelipunguza tatizo kwa kuigawa imeji katika matabaka mengi madogo, na juhudi hiyo inaonekana, lakini haijafikia ubahili wa ile njia ya zamani. Na ukiwa umeongeza vifurushi kwa `rpm-ostree install` kwenye mashine yako, bootc inakataa kuisasisha hadi uviondoe. Mwelekeo unaonekana: nyongeza ya mtumiaji inaanza kutazamwa kama mabaki ya zamani.

Ombi langu kwa wanaojenga mifumo hii, na kwa vijana wetu wanaochangia Fedora kutoka Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, ni kwamba uwezo wa kuongeza kifurushi juu ya imeji ndani ya mashine yenyewe usiachwe ufe. Jengeni bootc, nasi tutaitumia pale inapofaa. Ila ipeni uwezo wa kuongeza kifurushi papo hapo, na pimeni masasisho yake kwa megabaiti kabla ya kuyatoa. Wapo mafundi wenye printa moja, flashi moja na bando la wiki, na amri ile ya mwaka 2016 iliandikwa kama vile na wao walikumbukwa.